Mawimbi Yasiyopiga Hodi

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Leo somo letu ni la historia, lakini tutalianzia hapo hapo mlipokaa, kwenye redio iliyo mezani.

Bila shaka umepata kuona jambo hili. Redio inakoroma, na maneno hayasikiki sawasawa. Mtu mmoja anainuka kwenda kuitengeneza, na kabla hajaigusa, sauti inanyooka. Anarudi kukaa, inakoroma tena. Watu hucheka wakasema redio inampenda fulani. Sababu yake si mapenzi. Mawimbi ya redio yanapoingia chumbani hugonga kuta, mabati, meza na miili ya watu. Mengine hupenya, mengine hurudi, na yote hukutana kwenye antena yakiwa yamechanganyika. Mtu akisogea, mchanganyiko ule hubadilika. Hivyo basi redio yako, pamoja na kukuletea sauti ya mtangazaji, inakuletea habari ya pili ambayo hukuiomba: ya kwamba chumbani mna mtu, na mtu huyo amesogea.

Habari hiyo ya pili ndiyo somo letu. Tutaona nani waliigundua, nani waliitumia, na jinsi watu walivyojifunza kuivuruga ili wasionekane. Nimelichagua somo hili kwa sababu ya swali mlilouliza kwa barua, kama ni kweli ya kwamba kile kijisanduku cha intaneti, kiitwacho ruta, chenye kurusha mawimbi ya Wi-Fi, kinaweza kumwona mtu aliye nyuma ya ukuta. Hakimwoni kama jicho lionavyo. Lakini mtu mwenye maarifa aweza kuyapokea mawimbi yake akajua mengi, na barabara iliyotufikisha hapo ni ndefu kuliko mnavyodhani.

Mwanzo wake ni Ujerumani, katika mji wa Karlsruhe. Kati ya mwaka 1886 na 1888 mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi cha mji huo, Heinrich Hertz, alifaulu kuyatoa mawimbi ya redio kwa cheche za umeme na kuyapokea upande wa pili wa chumba. Aliweka bamba kubwa la zinki, akaona ya kwamba mawimbi yanaligonga na kurudi, kama sauti inavyorudi mtu apigapo kelele bondeni. Hertz hakuwa na haja ya kumchungulia mtu yeyote. Alitaka kujua tabia ya mawimbi tu. Mwaka 1904 Mjerumani mwingine, Christian Hülsmeyer, aliwaonyesha watu mjini Köln, kando ya mto Rhine, chombo cha kupiga kengele meli ikikaribia, ili manahodha wasigongane katika ukungu. Hakupata wanunuzi, akasahauliwa.

Tufike sasa mwaka 1935, Uingereza. Serikali ya huko iliogopa ndege za vita za Ujerumani, ikamwuliza mtaalamu wa redio, Robert Watson-Watt, kama inawezekana kuunda mwali wa redio wa kumwua rubani akiwa angani. Watson-Watt alimpa msaidizi wake, Arnold Wilkins, kazi ya kupiga hesabu. Hesabu ilionyesha ya kwamba haiwezekani kabisa. Lakini Wilkins alikumbuka malalamiko aliyoyasikia miaka michache nyuma. Mafundi wa Posta walikuwa wamelalamika ya kwamba kila ndege ipitapo karibu, mawasiliano yao ya redio huvurugika. Kwao ilikuwa kero. Wilkins akaiona ile kero kuwa ni habari.

Tarehe 26 Februari 1935 wawili hao walikwenda na gari lenye chombo cha kupokelea mpaka shambani, karibu na Daventry. Hawakujenga mtambo wa kurushia mawimbi. Walitumia mtambo uliokuwapo tayari, ule wa BBC wa Daventry, ambao ulijengwa kwa ajili ya matangazo ya redio kwenda nchi za ng'ambo. Ndege moja ya kijeshi ikaruka juu yao, ikaenda ikirudi. Katika kioo cha chombo chao nukta ya mwanga ikawa inacheza kila ndege ilipokaribia, na waliweza kuifuata mpaka umbali wa kama kilometa 13.

Nakuomba uitazame habari hii kwa makini, maana watu huisoma kama habari ya mwanzo wa rada na kuishia hapo. Mawimbi yale yalitengenezwa ili watu wasikilize maneno. Wanaume wawili shambani hawakuyajali maneno hata kidogo. Walichotaka ni kujua mawimbi yamegonga nini njiani. Hivyo ndivyo inavyofanyika leo kwa Wi-Fi, na mtu aliyeelewa Daventry hana budi kuelewa yaliyobaki.

Sasa, mara tu mtu alipoweza kuona kwa mawimbi, mwingine alianza kutafuta namna ya kutoonekana. Ndege haiwezi kuzima mawimbi ya adui yake. Haiwezi pia kujifunika isiguswe nayo. Inaweza kufanya nini? Inaweza kuijaza hewa vitu vingine vinavyorudisha mawimbi, ili adui apate habari nyingi mno asijue ipi ni ya kweli.

Mwaka 1942 mwanasayansi mwanamke, Joan Curran, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya rada ya Uingereza, alijaribu vipande vya namna mbalimbali mpaka akapata kanda nyembamba za karatasi zilizobandikwa alumini. Kanda zilizotumika baadaye zilikuwa na urefu wa kama sentimita 27. Kipimo hicho hakikuchaguliwa ovyo. Rada ya Kijerumani iliyoitwa Würzburg ilitumia mawimbi yenye urefu wa kama sentimita 54, na ukanda wenye nusu ya urefu wa wimbi hulirudisha wimbi hilo kwa nguvu kubwa kuliko ukubwa wake. Fungu la kanda hizo likimwagwa hewani, rada huliona kama ndege.

Jambo la ajabu ni kwamba Waingereza walikaa na siri hiyo zaidi ya mwaka bila kuitumia. Waliogopa ya kuwa Wajerumani wataokota kanda chini, waige, na kuwarudishia wao wenyewe. Kumbe Wajerumani nao walikuwa wamekwisha kugundua jambo lile lile, wakalificha kwa hofu ile ile. Kila mmoja alikuwa na shuka la kujifunikia ndani ya sanduku, akiogopa kulitoa mwenzake asije akalitamani.

Usiku wa tarehe 24 Julai 1943 Waingereza walilitoa. Ndege 791 zilikwenda kupiga mabomu mji wa Hamburg, zikimwaga mafungu ya kanda njiani. Katika vioo vya rada za Wajerumani kukajaa nukta zisizohesabika. Taa za kumulika angani zikayumba huku na huku, mizinga ikapiga bila kulenga. Ndege zilizopotea usiku ule zilikuwa 12 tu.

Sitaki kukuficha lililofuata. Mashambulio ya Hamburg yaliendelea mpaka mwanzo wa Agosti, na watu zaidi ya 30,000 waliuawa, wengi wao raia, wanawake na watoto, walioteketea kwa moto majumbani mwao. Ufundi wa kuvuruga mawimbi, ambao leo tunausoma kwa kuwa waweza kumlinda mtu asiye na silaha ndani ya nyumba yake, kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa hiyo. Chombo hakichagui kazi yake.

Na Wajerumani hawakukaa wakilia. Waligundua ya kwamba kanda zikiisha kumwagwa hupeperuka polepole, na ndege hukimbia. Wimbi lililogonga kitu kinachokimbia hurudi likiwa limebadilika kidogo, kama mlio wa gari la moshi unavyobadilika linapokupita. Wakazitengeneza rada zao upya ili zitofautishe kitu kinachokimbia na kitu kinachoelea. Kwa hiyo mwenye kujificha akajifunza naye: uchafu usiotembea kama kitu unachokificha huweza kuchujwa. Shika neno hilo, tutalihitaji.

Turuke sasa miaka mingi. Kanuni ya kwanza ya Wi-Fi ilitolewa mwaka 1997, ili kompyuta ziongee bila waya. Leo mawimbi hayo yamo majumbani, maofisini, shuleni na hotelini. Mtu aweza kuuliza, mawimbi ya redio tumekuwa nayo miaka mingi, kwa nini haya ya Wi-Fi yatutie wasiwasi zaidi? Kwanza, mtambo unaoyarusha umo ndani ya nyumba, hatua chache tu kutoka kitandani. Pili, hurusha ujumbe mara nyingi katika kila sekunde. Na sababu ya tatu ndiyo kubwa, nami nitaieleza kwa mfano wa barua.

Barua ya Kiswahili unaijua inavyoanza. Kwanza salamu, kisha ama baada ya salamu, ndipo mambo yenyewe. Salamu zile twazijua kwa moyo. Tuseme barua imenyeshewa njiani na wino umetawanyika. Utazitazama zile salamu, ambazo unajua zilivyoandikwa, uone wino wake umekwenda upande gani na kwa kiasi gani. Ukiisha kujua jinsi mvua ilivyouchezea wino wa salamu, waweza kuyasoma na mambo yaliyobaki, maana yamelowa kwa mvua ile ile.

Wi-Fi hufanya hivyo hivyo. Kila ujumbe hutanguliwa na ishara ambazo mpokeaji anazijua tayari. Mpokeaji hulinganisha ishara zilivyotumwa na zilivyofika, akajua njia imezifanya nini. Tena hupima jambo hilo kwa upana. Katika kanuni moja ya mwaka 1999 wimbi hugawanywa kuwa mawimbi madogo 52 yanayosafiri pamoja, na kila moja hubadilishwa na njia kwa namna yake. Vipimo hivyo vyote tutaviita habari za njia.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Mpelelezi hana haja ya kusoma barua yako. Atazame tu jinsi wino wa salamu ulivyotawanyika, atajua barua imepita wapi. Wengi mmeniuliza kama kubadili neno la siri hakutoshi. Ni vema kulibadili, lakini hakutoshi kwa jambo hili. Neno la siri hufunga mambo yaliyomo ndani ya barua. Salamu haziwezi kufungwa, kwa sababu bila hizo mpokeaji halali naye atashindwa kusoma.

Zamani habari za njia zilibaki ndani ya kadi ya kompyuta, mtu wa kawaida asizione. Mwaka 2011 Daniel Halperin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitoa programu iliyomwezesha mtu yeyote mwenye kadi moja ya Intel ya kawaida kuzisoma. Nia yao ilikuwa njema, kuwasaidia watafiti kutengeneza mawasiliano bora. Lakini kuanzia hapo mlango ulikuwa wazi. Mwaka 2013 Fadel Adib na Dina Katabi, wa chuo cha MIT, walionyesha ya kwamba mawimbi ya Wi-Fi yaweza kutumika kujua mwendo wa watu walio nyuma ya ukuta. Mwaka 2015 watafiti wengine wa Marekani walionyesha ya kwamba yaweza kusaidia kukisia herufi anazobonyeza mtu kwenye kompyuta. Wimbi la kawaida la Wi-Fi lina urefu wa kama sentimita 12. Kifua cha mtu anayepumua husogea milimita chache tu, na hizo nazo zatosha kubadili mchanganyiko wa mawimbi, hivyo hata pumzi za mtu aliyelala zaweza kuhesabiwa.

Nami sisemi ya kuwa maarifa haya ni mabaya. Fikiri mzee anayeishi peke yake. Akianguka bafuni usiku, ni nani atakayejua? Hakuna mtu mwenye adabu atakayetaka kuweka kamera bafuni kwa mama yake. Mawimbi yangeweza kutambua kuanguka kwake bila kuchukua picha ya mtu aliye uchi. Hiyo ni faida kubwa, na wanaoitafuta wanastahili heshima.

Lakini fikiri na upande wa pili. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzao walitoa kazi ambayo kwa maoni yangu ingetosha kumwamsha aliyelala. Walionyesha ya kwamba mtu aliye nje ya nyumba, mwenye kipokezi kidogo kimoja, asiyerusha wimbi lolote na asiyejua neno la siri la mwenye nyumba, anaweza kusikiliza vifaa vya Wi-Fi vilivyomo ndani na kujua ni chumba gani kina mtu anayetembea. Mtu huyo hakuvunja kufuli wala kugusa mlango. Mwizi angependa sana kujua nyumba ipi haina mtu. Mume mwenye wivu, tajiri anayemchunga mtumishi wake, au mtu anayemwandama mwanamke aliyemkimbia, wote wangependa.

Desturi yetu ni kwamba mgeni husimama nje akapiga hodi, akangoja kukaribishwa. Akipiga mara tatu asijibiwe, huenda zake. Maana yake ni kwamba aliye ndani ana haki hata ya kutojulikana kama yumo. Haki hiyo ndogo ndiyo inayoondoka hapa.

Wamarekani waliwahi kuligombania jambo kama hili mahakamani. Mwaka 1992, katika jimbo la Oregon, maofisa wa serikali walisimama barabarani na chombo cha kupima joto wakakielekeza kwenye nyumba ya mtu mmoja, Danny Kyllo, waone kama ana taa kali za kuoteshea bangi. Hawakuingia ndani. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua ya kwamba kufanya hivyo ni kupekua nyumba, na kupekua kwahitaji hati. Jaji Antonin Scalia alieleza ya kuwa chombo cha namna ile kingeweza kufichua hata saa ambayo mama mwenye nyumba huoga. Hapa Tanzania pia Katiba, katika ibara ya 16, inalinda maskani ya mtu na mambo yake ya faragha, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria ni jambo jema. Lakini sheria humshika mtu aliyeonekana, na asikilizaye mawimbi kimya kimya haachi nyayo.

Ndiyo sababu wataalamu wakarudi kwenye dawa ya mwaka 1943. Ukizungusha mabati pande zote za nyumba utayazuia mawimbi, lakini utakuwa umejifungia ndani na simu yako haitafanya kazi. Ukizima ruta, umejinyima intaneti. Ikabaki kuiacha Wi-Fi iseme, na kuzivuruga habari za njia.

Jaribio moja la mapema lilitoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka 2016, na waliliita PhyCloak. Waliweka chombo cha tatu chumbani. Chombo hicho hupokea mawimbi na papo hapo kuyarusha tena, kikiwa kimeyabadili nguvu, kimeyachelewesha kidogo, na kuyapa mabadiliko kama ya kitu kinachotembea. Unaona walivyojifunza somo la kanda za Hamburg. Uchafu wao haukuelea tu, ulitembea. Na chombo hicho kiliweza kumwachia mwenyewe nafasi ya kuendelea kupima, kwa sababu chenye kutia uchafu hujua kimetia uchafu gani.

Njia ya pili imenifurahisha kuliko zote kwa wepesi wake. Ni ya Marco Cominelli, Francesco Gringoli na Renato Lo Cigno, wa Chuo Kikuu cha Brescia, Italia, ambao walitoa majaribio yao katika mwaka 2021 na 2022. Turudi kwenye barua. Wao walisema, kabla ya kuituma barua, mwandishi mwenyewe na ainyunyizie maji, na kila barua ainyunyizie kwa namna nyingine. Mpokeaji halali hatasumbuka. Yeye huzitazama salamu zilivyolowa, akasoma yaliyobaki kama alivyozoea, wala hana haja ya kujua maji yametoka mbinguni au mkononi mwa mwandishi. Lakini mpelelezi anayetaka kujua njia atashindwa kutenganisha mvua ya njiani na maji ya mwandishi. Katika majaribio yao mtu aliyekuwa akitambuliwa alisimama wapi chumbani hakutambulikana tena, na mawasiliano yakaendelea.

Ya tatu ilitoka Bochum, Ujerumani, mwaka 2022, nayo yaitwa IRShield. Hawa hawakurusha wimbi lolote. Walitundika ubao wenye vipande vingi vidogo vinavyorudisha mawimbi, na kila kipande hubadilishwa na umeme jinsi kinavyorudisha, bila mpango unaoweza kubashiriwa. Ni kama ukuta wa vioo vidogo vinavyogeuka-geuka penye jua. Walipima, wakaona ya kwamba mpelelezi aliyekuwa akitambua mwendo wa watu alibaki akiutambua mara 5 tu katika 100, au chini ya hapo.

Hata wale wa Chicago walipendekeza dawa yao: ruta yenyewe ichanganye ujumbe wa bandia na ule wa kweli.

Zote hizi ni kazi za maabara, na kila moja ina gharama yake. Chombo cha tatu hununuliwa, tena chahitaji umeme. Ubao wapaswa kuwekwa mahali panapofaa. Njia ya Brescia haihitaji kununua chombo kipya sebuleni, lakini yahitaji ufundi uingizwe ndani ya vyombo vyote vinavyorusha mawimbi, yaani ruta, simu na televisheni. Kimoja kikisahauliwa, hicho ndicho mpelelezi atakachosikiliza.

Mwaka 2025 historia hii ilirudi ilikoanzia. Katika mji ule ule wa Karlsruhe, katika chuo kilichotokana na kile cha Hertz, watafiti walichunguza ripoti ambazo simu na vifaa vingine hutuma kwa ruta kueleza hali ya njia. Ripoti hizo hupita hewani bila kufungwa kwa siri, na chombo chochote kilicho karibu chaweza kuzisoma. Watafiti waliwapitisha watu 197 mbele ya mawimbi, na kwa ripoti hizo tu wakaweza kutambua kila mara aliyepita ni nani, karibu bila kukosea. Watu hawa hawakuhitaji kuwa na simu mfukoni. Mwendo wao ulitosha.

Mwaka huo huo wa 2025 ilikamilika kanuni mpya ya Wi-Fi, iitwayo 802.11bf, yenye kupanga jinsi vifaa vitakavyotumia mawimbi kutambua watu na vitu. Watafiti wa Karlsruhe walitaka kanuni hiyo iwekewe kinga ya faragha. Naona wana haki. Kilichokuwa ufundi wa maabara sasa kimeandikiwa kanuni, na vifaa vinavyoifuata vitauzwa madukani.

Liko swali moja ambalo halijibiwi na fundi peke yake. Mwenye kutia maji katika barua hujua ametia maji gani, kwa hiyo yeye anaweza kuyaondoa akaona njia. Akiwa ni wewe mwenye nyumba, vema; mzee wako atalindwa, na jirani hataona kitu. Lakini ruta nyingi huwekwa na kampuni inayouza intaneti, na programu iliyomo ndani yake hubadilishwa na kampuni hiyo kutoka mbali, wakati wewe umelala. Wajerumani na Waingereza wa mwaka 1943 walijua kila mmoja nani ni adui yake. Katika nyumba yako, mwenye kuvuruga mawimbi na mwenye kuyatazama huenda akawa ni yule yule.

Mwalimu, tafadhali andika swali hili ubaoni: Katika nyumba yako, ni nani ungemruhusu ajue kila saa nani yumo na nani hayumo, na ungemruhusu kwa sharti gani? Jadilianeni kwa nusu saa, kisha mtuletee majibu yenu kwa barua.

Na kabla hamjazima redio, mmoja wenu na apite polepole kati ya redio na dirisha, wengine mkae kimya msikilize.